Shajara ya mradi: chanja, mzani na dagaa wa Igombe

Wiki ya 1, Jumatatu

Nimeripoti shuleni leo na barua yangu ya mazoezi ya kufundisha. Mwalimu wa taaluma ameisoma, akanitazama, akaisoma tena. "Sayansi Kimu? Wewe?" Nikamwambia ndiyo, somo la mapishi, lishe na ushonaji, mimi, mwanamume. Akacheka, akasema basi muhula huu ofisi ya walimu itakula vizuri. Nimeshazoea. Tangu mwaka wa kwanza naitwa mpishi, mama lishe, fundi vifungo. Babu yangu kule Kwimba mpaka leo anawaambia majirani kwamba nasomea kilimo, na sijamsahihisha.

Shule iko upande wa Igombe, huku Ilemela, Mwanza, na mwalo, yaani pale wavuvi wa Ziwa Victoria wanapoegesha mitumbwi, uko dakika chache tu kwa miguu. Upepo ukigeuka, darasa zima linanuka dagaa. Nimepewa Kidato cha Pili, Chakula na Lishe, wanafunzi 46. Vipindi vitatu kwa wiki: kimoja peke yake, viwili vilivyoungana, yaani dakika 80. Jiko la shule ni chumba chenye meza mbili za saruji, majiko matano ya mkaa, sufuria saba (mbili zimetoboka) na kabati ambalo ufunguo wake ulipotea zamani. Mzani hakuna.

Chuoni kila mmoja anatakiwa awe na mradi mdogo wa kufanya na wanafunzi ndani ya wiki nane. Wangu niliuandika kabla sijafika: ukaushaji salama wa dagaa. Azimio la kazi nimelipanga kwa wino wa rangi mbili. Wiki ya pili mboga na lishe, ya tatu kuanika, ya nne kupika, halafu ripoti. Nikilitazama sasa hivi linapendeza kweli.

Wiki ya 1, Ijumaa

Mwenyeji wangu ni madamu aliyefundisha somo hili miaka mingi. Amekaa nyuma ya darasa na daftari lake, hakusema neno hadi wanafunzi walipotoka. Kisha: "Mwanangu, unaongea sana na mikono yako haifanyi kitu. Hawa wanajifunza kwa kukutazama." Kweli, nilieleza namna ya kushika kisu kwa dakika kumi na tano bila kushika kisu.

Jambo lingine: somo linafundishwa kwa Kiingereza. Nikiuliza swali kwa Kiingereza, kimya. Nikiligeuza kwa Kiswahili, mikono kumi juu. Wakijadiliana wao kwa wao nyuma kule, ni Kisukuma, na hapo ndipo hoja zenyewe zinapotoka. Bahati yangu naelewa.

Wiki ya 2, Jumatano

Vitendo vya kwanza: ugali na mchicha. Nimeshindwa na moto.

Andalio langu la somo lilisema "kupika, dakika 40". Halikusema popote kuwasha mkaa. Mkaa wenyewe ulikuwa na unyevu, umeshika baada ya dakika 25. Kengele imelia maji ya ugali ya kundi la nne yakiwa bado yanatoa vimapovu pembeni tu, na mwalimu wa Hisabati keshafika mlangoni na chaki yake. Kundi la kwanza wakampa mchicha kwenye kisosi ili asubiri. Akaonja, akasema chumvi imezidi, akamaliza.

Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania. Mimi leo ningeridhika na mtungi mmoja wa gesi mezani. Kuanzia wiki ijayo kundi moja la zamu litawasha majiko wakati wa mapumziko.

Kilichofaulu ni mchicha. Nimewauliza nani nyumbani anakata kwanza halafu anaosha. Karibu wote. Nikachukua beseni mbili za maji safi, moja nikatia majani mazima, nyingine majani yaliyokatwakatwa, tukasubiri kidogo. Maji ya beseni la pili yakaanza kuwa ya kijani. Vitamini C haionekani kwa macho, lakini huyeyuka kwenye maji, na ukichemsha sana unaiharibu kwa kiasi kikubwa. Binti mmoja wa dawati la mbele akasema: "Kwa hiyo sisi huwa tunamwagia bata vitamini." Sikuwa na la kuongeza.

Wiki ya 3, Jumanne

Hii naiandika kwa aibu.

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri, nikashuka mwaloni na ndoo yangu kununua dagaa wabichi kwa ajili ya kipindi cha leo. Mitumbwi imelala mchangani, imefunikwa. Taa za sola zimening'inizwa ukutani. Vijana wawili wanashona nyavu. Nikamwamkia mama mmoja aliyekuwa anafagia eneo lake la kuanikia. "Shikamoo mama. Dagaa wameshaisha?"

"Marahaba, ticha. Jana usiku uliangalia juu?"

Nikaangalia juu wakati huohuo, na mwezi ulikuwa bado upo magharibi, umeviringana kama sinia.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mvuvi anawasha taa juu ya maji, wadudu wanakuja, dagaa wanakuja, nyavu inavutwa. Mbalamwezi ikiwaka, ziwa zima lina mwanga na taa ya mvuvi haina ujanja tena. Kwa hiyo huku watu wanahesabu mwezi kwa giza na mbalamwezi, na siku za mbalamwezi wanakarabati, wanapumzika, wanakwenda kusalimia ndugu. Mimi ni mtu wa Kwimba, kwetu ni pamba na ng'ombe. Nimepanga azimio la wiki nane bila kutazama mwezi hata mara moja.

Nilipowaambia wanafunzi kwamba hakuna vitendo leo kwa sababu dagaa hawakuvuliwa, darasa zima lilicheka. Wote 46 walijua. Mmoja akasema walijua tangu wiki iliyopita nilipotangaza, ila waliona si adabu kumsahihisha mwalimu.

Wiki ya 3, Ijumaa

Wiki ya mbalamwezi tumeitumia kujenga chanja, yaani meza ya wavu ya kuanikia dagaa. Mirunda minne ya miguu, mingine miwili ya kulaza, fito za kupitisha katikati, misumari ya inchi tatu na wavu chakavu wa dagaa ambao vijana wa mwaloni wametupa bure. Urefu wa kiuno cha mwanafunzi, ili mkono ufike katikati bila kulalia samaki. Wavulana walitaka kushika nyundo peke yao na wasichana wabaki kushona wavu. Madamu alipita, akasimama, akasema neno moja tu, "Badilishaneni," akaendelea na safari yake ya ofisini. Wavu ulioshonwa na wavulana umelegea upande mmoja, unafanya tumbo.

Wiki ya 4, Jumatatu

Mzani nimeupata mjini, wa mtumba, ule wenye uso kama saa, mwisho kilo 5, alama za gramu 20. Muuzaji kaapa kwamba hauna shida. Nimetia ndani chupa ya maji ya lita moja na nusu, mshale ukasoma kilo 1.6. Chupa tupu haiwezi kuwa na uzito huo wote. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mzani umezidisha.

Badala ya kuurekebisha kimyakimya, nimeupeleka darasani hivyohivyo. Wakapima chupa moja, mbili, kisha sahani tupu. Kila mara ziada ileile. Wakagundua wenyewe kwamba mshale hauanzii sifuri, unaanzia mbele kidogo. Tukakaza skrubu ya nyuma mpaka ukarudi. Kisha swali likaja, si langu: "Sir, na wa dukani kwetu?" Tukazungumza kuhusu Wakala wa Vipimo na alama yao inayobandikwa kwenye mizani iliyokaguliwa. Kazi ya nyumbani: kila mmoja aangalie mzani wa duka la jirani kama una alama, asimseme mtu, aandike tu.

Wiki ya 4, Alhamisi

Aproni. Kwa ufupi: cherehani moja ya kukanyaga, mkanda umekatika mara mbili, aproni tisa kati ya kumi na mbili zimekamilika. Kitambaa ni marekani, ile pamba isiyopaushwa, kwa kuwa ndiyo rahisi na inavumilia kuchemshwa.

Mwalimu wa Historia aliyekuja kuchungulia akauliza hili somo lilianzia wapi hasa, maana bibi zetu walipika bila cheti. Nikamwonyesha kitambaa. Jina la marekani limekuja na pamba ya Marekani katika karne ya 19, na somo lenyewe kwa umbo la kitaaluma nalo limetoka hukohuko. Mwaka 1899 watu wachache walikutana Lake Placid, jimbo la New York, mbele yao Ellen Swallow Richards, mwanakemia, mwanamke wa kwanza kusoma MIT. Alikuwa anapima maji na vyakula vilivyoghushiwa kabla hajaanza kuzungumzia majiko. Chama chao kilianzishwa mwishoni mwa 1908, na mwaka 1994 kikabadili jina, kikaacha "uchumi wa nyumbani" na kuchukua "sayansi ya familia na mlaji". Nalipenda hilo neno mlaji. Watu wakisikia Sayansi Kimu wanaona sufuria. Huyo mama alianza na maabara na mzani.

Mwalimu wa Historia akasema sawa, lakini aproni ya tano mfuko umeshonwa kichwa chini. Ni kweli.

Wiki ya 5, Jumatano

Giza limeingia. Kilo 5 za dagaa wabichi, shilingi 7,500, kutoka mfukoni mwangu. Tumewaosha, tumewatandaza juu ya chanja safu moja moja, wasilaliane. Mpango ulikuwa wakae hadi kesho mchana.

Yangeyange walifika kabla hatujamaliza. Tumeweka mlinzi na fimbo, kwa zamu.

Wiki ya 5, Alhamisi

Usiku mvua imepiga, ile ya ghafla inayotoka ziwani na ngurumo moja. Kiangazi hiki hakuna aliyeitegemea, na sikumwachia mtu jukumu la kuanua. Asubuhi dagaa wamelowa, wamelegea, na kufika saa tano inzi wameshafanya yao. Tumewatupa wote. Bata wa mlinzi wa shule wamekula karamu.

Nimewaambia wanafunzi waziwazi kwamba kosa ni langu. Andalio lilikuwa na kuanika, halikuwa na kuanua. Kisha tukalifanya somo: kwa nini wameoza haraka hivyo? Kwa sababu maji yakirudi, bakteria wanarudi. Kukausha hakuwaui wote, kunawanyima maji tu. Kanuni ileile ndiyo ya michembe na matobolwa, yale makavu ya viazi vitamu, kwenye ghala la bibi, na ndiyo ya karanga zikivunda na kushika sumukuvu, sumu ya ukungu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Hapo wakatulia.

Wiki ya 6, Jumanne

Tumerudia, mara hii kwa kulinganisha: kilo 5 juu ya chanja, na kilo 5 zimeanikwa mchangani kule mwaloni, kwenye eneo la yule mama aliyeniuliza kuhusu mwezi. Amekubali kwa sharti moja, kwamba tusimfundishe kazi yake. Turubai liko tayari, na wasichana wawili wanaokaa karibu na shule wamepewa jukumu la kuanua jioni.

Wiki ya 6, Alhamisi

Wamekauka. Ukimvunja mmoja katikati analia "ta", hapindi.

Ya chanja: kilo 1.44. Kwa maana hiyo kilo 3.56 zimepotea, zote karibu ni maji, lita tatu na nusu zilizopanda hewani kutoka kwenye rundo ambalo mtoto angeweza kulibeba. Nimejaza chupa hizo za maji na kuzipanga mezani ili wazione. Mvulana mmoja akauliza yameenda wapi, mwenzake akamjibu, "Si yamerudi nyumbani," akionyesha ziwa kwa kidevu.

Ya mchangani: kilo 1.54. Wakashangilia, mchanga umeshinda! Nikawaambia wachekeche. Wakachekecha kwenye ungo, wakapangusa, wakapima upya: kilo 1.42. Mchanga uliobaki chini ya ungo umejaa kikombe cha kahawa, gramu 120.

Basi nikapata moto. Ubaoni nikapiga hesabu: kama kilo ni shilingi 7,000, mlaji analipa zaidi ya shilingi 540 za mchanga katika kila kilo. Nikasema haya ndiyo mambo ya kumlinda mlaji. Nikaona ripoti yangu imeshajiandika.

Wiki ya 6, Ijumaa

Nimempelekea yule mama matokeo. Amenisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Mwanangu, nani kakwambia tunauza kwa kilo?"

Akachukua kisado, ile ndoo ndogo ya rangi ya lita nne, akakijaza dagaa wa mchangani mbele yangu, akakitikisa. Mchanga ukashuka chini, ukakaa kwenye nafasi zilizo kati ya dagaa. Kisado kikajaa dagaa kama kawaida. "Haya, mchanga wako ameulipia nani?"

Hakuna. Kwa kisado mtu ananunua ujazo. Anayepima kwa kilo ni mchuuzi wa magunia kule soko la samaki la Mwaloni Kirumba, na yeye si mjinga, ukimletea dagaa wa mchanga anakushusha bei, au wanakwenda kuwa chakula cha kuku. Kwa bei ya kuku, akasema, ambayo siku hizi ni kama 5,000 kwa kilo, hesabu ya kilo zetu tano inamrudishia mtaji na shilingi 200 juu. Kwa dagaa wa chanja angebaki na 2,500 na kitu. Anajua hayo yote bila ubao.

"Sasa kwa nini usijenge chanja, mama?"

"Mirunda unanipa wewe? Siku dagaa wakiingia ndoo hamsini, chanja yako hiyo inabeba ngapi? Mchanga ni bure na ni mpana."

Nimerudi shuleni nikiwa nimepoa. Nimefuta ule ukurasa wa ripoti. Nimeandika alichosema yeye, na chini yake swali: kisado cha nani?

Wiki ya 7, Jumatatu

Hili swali limezaa kipindi bora kuliko vyote nilivyopanga. Nimewaomba walete visado kutoka nyumbani. Vimekuja kumi na moja. Tumechukua vitatu kwanza, tukavijaza dagaa walewale wa chanja, tukavisawazisha kwa rula, tukapima. Cha kwanza gramu 980. Cha pili 940. Cha tatu 860.

Cha tatu ukikigeuza utaona: kitako kimesukumwa ndani kwa moto, kimefanya kilima. Kwa nje huoni kitu. Tofauti ya gramu 120, uzito uleule wa ule mchanga wangu, na huu kweli mlaji anaulipia. Mwenye kisado akawa anatazama chini. Nikajiuma ulimi kwa kutofikiria jambo hilo mapema. Nikavichanganya visado vyote kumi na moja haraka, nikasema tunaviita kwa namba tu. Kisha tukahamia kwenye "kilele", yaani ukikijaza hadi kifanye mlima ni gramu ngapi zaidi, na hapo kelele zikarudi kwa sababu kila mtu ana mama au shangazi anayejua kuzungusha mkono.

Wiki ya 7, Alhamisi

Mhadhiri amekuja kunikagua. Mapishi ya leo: dagaa wa kukaanga kidogo kisha kuungwa na nyanya na karanga, ugali wa udaga (unga wa muhogo), mchicha, na kipande cha chungwa. Moto uliwashwa mapumziko, umekubali. Nimewaeleza kwamba dagaa analiwa mzima, na kalsiamu iko kwenye mifupa, kwa hiyo anayekata vichwa kwa ajili ya uzuri anajipunja. Chungwa linasaidia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye mchicha. Chai ya rangi palepale na chakula inayazuia. Wakaniuliza kuhusu chai ya walimu ya saa nne na chapati. Nikasema hiyo ni mada ya Kidato cha Tatu.

Maoni ya mhadhiri: zana nzuri sana, ushirikishwaji mzuri, muda umezingatiwa. Kasoro: Kiswahili kimezidi, na malengo mahususi hayapimiki. Kasoro ya pili nimeikubali. Ya kwanza nimeisaini tu. Pia ameuliza kwa nini azimio la kazi limechorwa miduara midogo pembeni. Ni mwezi, nikamwambia, mweupe na mweusi. Akaliangalia tena, akapiga picha.

Wiki ya 8, Ijumaa

Ripoti kurasa 23, imekamilika isipokuwa viambatisho. Chanja tumeikabidhi shule. Upande wa tumbo bado una tumbo. Aproni kumi na mbili, pamoja na ile ya mfuko uliopinduka, mwenyewe amegoma kuifumua.

Mzani nilitaka kuubeba, ni wangu. Lakini jana jioni yule mama alimtuma binti yake, ambaye kumbe ni mwanafunzi wangu wa dawati la nyuma, aliyenyamaza wiki zote nane. Mama anauomba kwa kipindi hiki cha giza, anataka kuona chanja moja ya majaribio inampa nini kwa siku. Binti akaongeza kwamba skrubu ameshamfundisha mama yake namna ya kuirudisha sifuri. Nimemwandikia madamu barua fupi kwamba mzani uko mwaloni, na nimeacha chupa ya lita moja na nusu iende nao.